Seiko 6105-8110: kagua hivi kabla ya kulipa

Saa hii ya wazamiaji ilitoka Japani kati ya 1970 na 1977. Wanajeshi wengi wa Marekani waliokuwa Vietnam waliinunua kwa fedha zao katika maduka ya kambini, jeshi halikuigawa. Kwa hiyo muuzaji akidai nyongeza kwa sababu mfuniko wa nyuma umechongwa jina la kikosi, mchongo huo usikuongezee bei. Yeyote mwenye kalamu ya kuchongea anaweza kuuweka. Mvuto wa kweli uko kwenye bodi yake pana ya milimita 44, iliyovimba upande wa kulia ili kukinga kitufe cha kurekebishia saa, kilichokaa kwenye alama ya 4. Naomi Uemura, msafiri wa Kijapani, aliivaa alipovuka barafu kwa sleji inayokokotwa na mbwa, kutoka Greenland hadi Alaska, 1974 hadi 1976.

Anza na mfuniko. Usome 6105-8110 au 6105-8119, kisha namba ya tarakimu sita: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba ni O, Novemba ni N, Desemba ni D. Namba inayoanza 2N ni ya Novemba 1972. Halafu linganisha na uso wa saa. Za mwanzo kabisa ziliandikwa WATER 150m PROOF, zilizofuata zikaandikwa RESIST. Ukikuta uso wa PROOF kwenye mfuniko wa 1975, jua sehemu zimechanganywa.

Uso ndio unaobeba bei, na ndio unaoigwa zaidi. Chukua lenzi inayokuza mara kumi. Maandishi ya asili ni membamba na kingo zake ni safi. Ya bandia huwa manene, wino umefura. Tazama pia rangi ya mng'ao wa gizani kwenye alama na kwenye mishale: vilizeeka pamoja, kwa hiyo vifanane. Mulika tochi sekunde chache, zima taa zote. Kama mishale inawaka kijani kikali na uso hauna kitu, mishale imebadilishwa au imepakwa upya. Hilo si dhambi, ila bei ishuke.

Pitisha ukucha kwenye mstari ambapo sehemu ya juu ya bodi inakutana na ubavu. Mstari huo uwe mkali. Bodi iliyosuguliwa kwa mashine huwa laini kama sabuni iliyotumika, na chuma kilichoondoka hakirudi. Mikwaruzo ya kawaida iache ilivyo.

Kitufe hakifungwi kwa nyuzi kama skrubu: unakizungusha kidogo tu kinajifunga. Kikizunguka bila kushika popote, meno yamelika au kimewekwa cha saa nyingine. Kivute hadi mwisho. Mshale wa sekunde lazima usimame. Usijaribu kuijaza ufunguo kwa kuzungusha kitufe, haina uwezo huo. Hujijaza kwa kutikisika: itikise taratibu, ivae siku nzima, kisha pima imepotea dakika ngapi. Ikichelewa au kukimbia dakika kadhaa, mara nyingi mafuta yamekauka, na fundi saa atalimaliza kwa kuifungua, kuiosha na kuipaka mafuta upya. Mashine ya ndani hutengenezeka, uso uliooza haurudi.

Zile mita 150 za kina cha maji zilikuwa za saa mpya. Mipira ya kuzuia maji ya mfuniko na ya kioo ibadilishwe, ipakwe grisi ya silikoni kidogo tu, halafu ipimwe kwa hewa ya shinikizo kabla ya maji. Mpira wa ndani ya kitufe ndio msumbufu: ukishakauka, kitufe kinapitisha maji hata kikiwa kimejifunga. Pasha kioo joto kwa viganja, weka tone la maji baridi juu yake kwa dakika moja, pangusa. Ukiona ukungu upande wa ndani, kuna unyevu tayari. Usingoje wiki, kutu itaanza.

Mkanda ni wa milimita 19. Wa 20 utabanwa na kukunjika, wa 18 utacheza na kula vijiti vinavyoushikilia.