Bakteria wema kwenye bwawa la kamba: namna ya kuwaamsha na kuwatumia

Assalamu alaikum wanachama. Kabla hujafungua pochi kununua probiotiki, jua kwamba si dawa. Ni bakteria hai, wengi wao jamii ya Bacillus, kama subtilis na licheniformis, wanaokula mabaki ya chakula na kinyesi kabla vibrio, yaani bakteria wabaya wanaowaugua kamba, hawajayawahi. Kamba hana kinga inayokumbuka ugonjwa, ndiyo maana hachanjwi kama samaki. Antibiotiki nazo huzaa vibrio sugu, na mnunuzi wa nje akizikuta kwenye nyama anakurudishia mzigo. Kwa hiyo kazi yetu ni kuyatunza maji na tope.

Hatua ya kwanza: hewa. Bacillus wanavuta oksijeni kama kamba wenyewe. Kama huna mashine ya kupiga maji na bwawa lako lina kamba wengi, usinunue pakiti hata moja. Utawaua kamba alfajiri, saa ambayo oksijeni iko chini kabisa. Isishuke chini ya miligramu 4 kwa lita.

Hatua ya pili: udongo. Mabwawa yetu mengi Pemba yako nyuma ya mikoko, na udongo ule ukikauka na kupigwa na hewa hutoa tindikali. Weka chokaa ya kilimo kabla ya kujaza maji, kisha upime pH ya maji, yaani kiwango cha tindikali. Kati ya 7.5 na 8.5 panafaa.

Hatua ya tatu: kuwaamsha. Ndani ya pakiti bakteria wamelala kama mbegu. Chukua pipa safi la lita 100, tia maji yasiyo na klorini, molasi kilo 2, na unga wa bakteria kwa kipimo cha pakiti. Tumbukiza pampu ya hewa, funika kwa kitambaa, acha saa 24. Harufu iwe ya uchachu mtamu. Ikinuka yai viza, mwaga mbali na bwawa, osha pipa, anza upya.

Hatua ya nne: mimina asubuhi jua likishapanda, mashine ikiwa inazunguka. Usimimine jioni.

Hatua ya tano: chakulani. Loweza unga wa bakteria kwa maji kidogo, nyunyizia chakula, pakaza mafuta ya samaki ili usioshwe na maji, anika kivulini, lisha siku hiyo hiyo. Baada ya saa mbili inua sinia la kukagulia. Likiwa na mabaki, punguza chakula. Hapa sina huruma: anayelisha kupita kiasi hasaidiwi na bakteria wowote.

Maswali ya wanachama

Mama mmoja wa Tumbe: Mwalimu, mtindi au hamira ya mandazi haifai?
Bi mkubwa, hamira ni kuvu, si bakteria. Mtindi una bakteria wa maziwa ambao wanaweza kusaidia tumboni mwa kamba, lakini tope la chini hawaliwezi, na maziwa yenyewe yataoza bwawani. Tunywe wenyewe.

Kijana wa Wete: Nimetia klorini jana. Leo naweza kumimina?
Hapana mwanangu. Klorini haichagui, itawaua wote. Acha jua na hewa viiondoe kwa siku kadhaa, pima, ikiisha ndipo umimine.

Mwanachama wa Micheweni: Wakati wa bamvua nabadilisha maji. Nirudie dozi?
Ndiyo, maana sehemu ya bakteria wako wametoka langoni pamoja na maji. Ukiweza, mimina bakteria wakati wa maji mafu, lango limefungwa, wapate muda wa kukaa.

Mwanachama wa Mkoani: Nitajuaje kama vibrio wamepungua?
Peleka maji maabara yaoteshwe kwenye sahani ya TCBS, yaani chakula maalumu cha kuoteshea vibrio. Madoa ya kijani ndiyo ya kuogopa zaidi, kwani vibrio aina ya parahaemolyticus huota kijani. Yakizidi, punguza chakula na ongeza hewa kabla ya kuongeza probiotiki.

Kijana wa Wete tena: Kamba wangu wana madoa meupe kwenye gamba na wanakuja ukingoni. Nizidishe kipimo?
Usizidishe. Huenda ni kirusi cha madoa meupe, na hicho bakteria hawakitibu. Funga lango sasa hivi, usitoe hata ndoo moja kwenye hori, kwani jirani yako anavuta maji hapo hapo. Kisha mpigie afisa wa uvuvi, na wavu uliotumia kwako usimwazime mtu.