Kuboresha mfumo wa muziki kwenye gari-nyumba: umeme kwanza, spika baadaye

Gari-nyumba huwa na betri mbili: ya kuwashia injini na ya matumizi ya ndani. Muziki uchukue umeme kwenye ile ya ndani. Ukiunga kwenye ya injini, mtafurahia jioni mmeegesha, asubuhi gari haliwaki.

Hatua ya 1: Zitambue nyaya

Chomoa redio ya zamani upime kwa multimita. Kwa redio nyingi waya wa njano una volti 12 muda wote na ndio unaotunza kumbukumbu, mwekundu ni wa kuwasha, mweusi ni hasi, na wa bluu wenye mstari mweupe huamsha amplifaya. Nyuma ya ukuta rangi zinaweza kuwa nyingine kabisa, kwa hiyo iamini mita kuliko rangi. Mwekundu usiufungie kwenye ufunguo wa gari. Uwekee swichi yake ndogo kutoka betri ya ndani.

Hapa ndipo redio mpya nyingi huungulia: baadhi ya magari ya zamani yana waya mmoja wa hasi kwa spika zote, au hasi imefungwa kwenye bodi. Redio za sasa zinataka kila spika iwe na nyaya zake mbili. Ukikuta hasi ya pamoja, pitisha nyaya mpya za 1.5 mm². Hakuna ujanja mwingine.

Hatua ya 2: Kebo, fyuzi na hasi

Kabla ya kukata chochote, zima sola, chomoa umeme wa nje, ndipo ufungue hasi ya betri. Chaja ikibaki imechomekwa, nyaya zinaweza kubaki na umeme hata betri ikiwa nje.

Amplifaya ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) yenye njia 4 za wati 50 hutoa wati 200. Ufanisi ukiwa asilimia 80, inavuta kama ampia 21 kwa volti 12. Tumia kebo ya shaba ya 10 mm² na fyuzi ya ampia 30, isizidi sentimita 45 kutoka betri. Fyuzi hiyo inalinda kebo isiwake moto ikipiga shoti. Amplifaya ina yake. Kwa umbali wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, kebo hii inapoteza volti 0.35 hivi, ya 4 mm² inapoteza karibu 0.9, na besi inalegea kila ngoma inapopiga.

Hasi irudishe kwenye betri ya ndani. Kuta za mbao na faiba hazipitishi umeme, na skrubu iliyokazwa kwenye fremu yoyote iliyo karibu ni mwanzo wa kelele. Kama kuna shanti ya kupimia chaji (kipande cha chuma kwenye waya wa hasi wa betri), funga upande wa matumizi, la sivyo kipimo kitakudanganya.

Hatua ya 3: Matundu ya spika

Hakikisha nyuma hakupiti bomba la gesi, maji wala nyaya. Pima kina pia. Kuta nyingi ni nyembamba kuliko sumaku ya spika. Plaiwudi ya mm 3 itatetemeka, hivyo weka pete ya plaiwudi ya mm 12 nyuma yake na utepe wa sponji katikati.

Ukigusisha betri ya volti 1.5 kwenye spika, chanya kwa chanya, koni isogee nje. Ikiingia ndani, umegeuza. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea ingawa zote zinalia. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2. Soma kama amplifaya inaruhusu.

Hatua ya 4: Kuweka geini

Ondoa spika, shusha geini (kiasi ambacho amplifaya inakuza sauti ya redio) hadi mwisho, zima ikwalaiza. Cheza toni ya Hz 1,000, redio ikiwa robo tatu ya sauti. Pandisha geini hadi multimita, ikiwa kwenye AC na imegusa matoleo ya spika ya amplifaya, isome volti 14.1, ambayo ni kipeuo cha pili cha wati 50 mara omu 4. Rudisha spika, na zile za inchi 6.5 uzikatie besi chini ya Hz 80.

Mlio mwembamba unaopanda na injini hutokana mara nyingi na hasi zilizofungwa sehemu tofauti. Rudisha hasi ya redio na ya amplifaya mahali pamoja, kisha hamisha kebo za sauti upande usio na kebo ya umeme.