Namna ya kuipima 4x4 iliyotumika kabla ya kuinunua Lubumbashi

Swali la kwanza la mnunuzi wa 4x4 iliyotumika mjini Lubumbashi linapaswa kuwa hili: gari hili lilikuwa likifanya kazi gani kabla ya kuoshwa na kuegeshwa hapa? Aina, mwaka na kilometa hufuata baadaye. Gari lililobeba wafanyakazi wa mgodi huko Likasi au Kolwezi, gari lililoshushwa kutoka Japani katika bandari ya Dar es Salaam likavuka Zambia hadi Kasumbalesa, na gari la familia lililozoea njia ya shule na soko yanaweza kuwa ya aina moja na ya mwaka mmoja, lakini kila moja limechakaa mahali pake. Ukiijua kazi yake, unajua pa kutazama.

Tuanze na magari ya mgodini, kwa kuwa mkoa wetu unayo mengi, hasa pikapu za Land Cruiser za mfululizo wa 70. Muuzaji huwa ameshapaka rangi mpya, lakini alama hazifutiki zote. Pitisha vidole juu ya bampa la mbele na ukingoni mwa boneti utafute matundu yaliyozibwa, kwa maana huko ndiko hufungwa fimbo ndefu ya bendera inayomwezesha dereva wa lori kubwa la mgodi kuliona gari dogo lililo mbele yake. Tazama paa kama lina alama za taa ya kuzunguka, kisha usimame pembeni mwa mlango asubuhi, jua likiwa bado chini, uone kama namba kubwa au utepe wa kung'aa umeacha kivuli chini ya rangi. Ukiyakuta hayo, usiondoke mara moja. Gari la kampuni kwa kawaida hubadilishiwa oili kwa ratiba, neema ambayo magari mengi ya watu binafsi hayaipati. Tatizo lake ni kwamba kilometa zake hazisemi ukweli wote: injini huachwa ikiunguruma saa nyingi gari likiwa limesimama, na linapotembea hupanda juu ya mawe kwa gia ndogo likiwa na mzigo. Kilometa 120,000 za namna hiyo naziona nzito kuliko 250,000 za lami. Kwa hiyo omba daftari la matengenezo, na kama halipo, punguza bei unayoifikiria kabla hata ya kufungua boneti.

Vumbi jekundu la kiangazi ndilo linaloua injini nyingi hapa kwetu, nalo huua polepole bila kelele. Fungua boksi la chujio la hewa. Usihukumu kwa chujio lenyewe, kwa sababu chujio jipya huwekwa asubuhi ya siku ya kuuza gari. Legeza bomba linalotoka kwenye chujio kuelekea kwenye injini, ufunge kitambaa cheupe kwenye kidole, uingize ndani na ufute ukuta wa bomba. Kitambaa kikitoka safi, au na mafuta meusi kidogo tu, vizuri. Kikitoka na unga mwekundu, basi vumbi limekuwa likipita chujio na kuingia ndani ya silinda, likisaga ringi za pistoni na kuta za silinda kama msasa. Injini hiyo itawaka vizuri leo, lakini itaanza kula oili mapema, na hakuna fundi atakayeirudisha hali yake bila kuifumua yote. Kati ya vipimo vyote nilivyojifunza, hiki ndicho ninachokithamini zaidi, kwa kuwa hakihitaji kifaa maalumu na muuzaji hakikumbuki.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Mwambie muuzaji usiku uliotangulia kwamba utakuja mapema na kwamba asiiwashe; ukifika, weka kiganja juu ya injini kabla ya salamu kuwa ndefu. Ikiwa ina joto, amekutangulia, na inafaa kurudi siku nyingine. Miezi ya Juni na Julai, asubuhi zetu zinapokuwa na baridi kali, ndiyo mizuri kwa kazi hii, maana injini ya dizeli iliyochoka hushindwa kujificha: huzungushwa muda mrefu, hutetemeka, hutoa moshi mweupe unaochoma macho. Moshi mweupe wa sekunde chache ni wa kawaida. Usiopotea baada ya injini kupata moto ni ugonjwa wa nozeli (vinyunyizio vya dizeli), wa mgandamizo hafifu, au wa maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi unapokanyaga mafuta kwa nguvu ni dizeli iliyozidi hewa, na huenda ukatibika kwa gharama ndogo.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta. Maji ya rangi ya kutu maana yake gari limejazwa maji matupu kwa miaka, bila dawa ya kuzuia kutu, na njia za ndani za rejeta huenda zimeziba nusu. Utelezi wa oili juu ya maji, au uji wa rangi ya maziwa na kahawa chini ya kifuniko cha oili, unatosha kukufanya uage. Baada ya kuwasha, legeza kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma taratibu: mvuke mdogo hauna neno, lakini moshi unaosukumwa kwa mapigo, kama mtu anayehema, ni mgandamizo unaopita ringi na kushuka chini.

Injini zenyewe zina tabia zinazojulikana. Ile ya 1HZ ya Toyota, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na turbo, inapendwa hapa kwa haki, kwa kuwa pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika na huvumilia dizeli isiyo safi sana. Lakini ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilometa 100,000, na mkanda huo ukikatika injini huharibika ndani. Muuzaji asiyeweza kuonyesha ulibadilishwa lini, chukulia haukubadilishwa. Ile ya 1KZ-TE ya Prado za miaka ya 1990 hupasuka silinda hedi ikichemka, kwa hiyo maji yake yachunguzwe mara mbili. Ile ya 1KD-FTV iliyofuata ni nyepesi na ina nguvu, ila nozeli zake ni ghali na hazipendi dizeli chafu ya kwenye madumu. Nissan Patrol yenye injini ya ZD30, hasa za mwanzo, zilijulikana kwa pistoni kuyeyuka. Nisingeinunua bila ushahidi wa matengenezo.

Sasa magurudumu ya mbele, sehemu ambayo wanunuzi wengi huiruka. Mimi niliiruka. Gari langu la kwanza la namna hii nililijaribu kwenye lami, nikasukuma mti wa transfa (boksi la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele pia), ukaingia vizuri kwenye H4 (magurudumu manne, mwendo wa kawaida), nikaridhika. Mvua za mwanzo zilinikuta safarini upande wa Mitwaba, matope yakanishika, na magurudumu ya nyuma yakachimba huku ya mbele yametulia kama ya gari lililoegeshwa. Kijana aliyekuwa akiwasaidia madereva mahali pale alilala chini, akaangaza kwa tochi ya simu, kisha akatoka taratibu na kuniambia: «Papa, kardan ya mbele haiko.» Mtu aliyeniuzia alikuwa ameifungua propela ya mbele, ndiyo hiyo kardan, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka transfa hadi ekseli ya mbele, ili kuficha kelele ya difu (gia za katikati ya ekseli), akarudisha bolti chache mahali pake pasionekane wazi. Mti wa transfa uliingia vizuri kwa sababu haukuwa umeshika kitu chochote.

Tangu siku ile ninafanya hivi. Kwanza ninalala chini ya gari na kufuata kwa macho propela zote mbili mwanzo hadi mwisho, nikizitikisa kwa mkono kuona kama misalaba yake, yaani viungo vya ncha zake, inacheza. Kisha, gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa na mawe yamezuia magurudumu ya nyuma, ninafunga habu za mbele (vifungio vya katikati ya magurudumu, kama gari linavyo), ninaweka H4 na gia ya kwanza, ninainua gurudumu moja tu la mbele kwa jeki na kujaribu kulizungusha. Katika gari zima gurudumu hilo hukataa, isipokuwa mchezo mdogo. Likizunguka bila kizuizi, kuna kitu kimekatika au kimeondolewa kati yake na transfa. Kwa gari ambalo magurudumu yote husukuma wakati wote, kama Prado nyingi, funga kwanza difu ya katikati. Usiingie chini ya gari likiwa juu ya jeki; kipimo hiki hufanywa ukiwa umechuchumaa pembeni.

Baada ya hapo nenda kwenye udongo au changarawe, kamwe si kwenye lami kavu, ukate kona kali taratibu ukiwa kwenye H4: usukani unapaswa kuwa mzito na gari lijihisi kama linavutwa nyuma. Simama, weka L4 (magurudumu manne, gia nzito), upande mteremko kwa gia ya kwanza bila kukanyaga mafuta. Gari litambae. Gia ikiruka yenyewe, transfa imekwisha.

Kwa Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele, tazama nyuma ya kila gurudumu kile kichwa cha chuma cha mviringo. Kikiwa na utando mwembamba wa grisi, sawa. Kikiwa kimelowa oili nyepesi inayochuruzika, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inachanganyika na grisi ya beringi. Kisha mwombe fundi afungue bolti ya kujazia oili ya kila difu. Oili ya rangi ya maziwa ni ya gari lililovuka mito na kuachwa hivyo.

Chasisi huhitaji nyundo ndogo na subira. Igonge taratibu: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya bati. Magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji hupata kutu ya chumvi ya barabarani, mara nyingine ikiwa imefunikwa kwa rangi nyeusi mpya. Kwa gari lililohamishiwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa sisi tunaendesha upande wa kulia, chunguza mahali boksi la usukani lilipofungwa kwenye chasisi. Uunganishaji wa mafundi wengine ni wa kutisha, na boksi likichomoka kwenye mwendo hakuna breki itakayokuokoa. Afadhali usukani uliobaki kulia kama kiwanda kilivyouweka.

Kilometa zilinganishwe na mpira wa pedali, ngozi ya usukani na bawaba ya mlango wa dereva. Gari likiwa limetoka Japani, cheti cha kuliondoa nchini humo hutaja kilometa zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Muuzaji mwaminifu anacho au anayo nakala. Namba nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi husema wiki na mwaka: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019.

Kwa karatasi, nitakuwa mfupi: namba iliyogongwa kwenye chasisi isomwe kwa macho yako na ilingane herufi kwa herufi na kadi ya waridi, yaani ya usajili wa gari, na hati ya DGDA, idara ya forodha. Magari ya soko la Japani hayana namba ya tarakimu 17, kwa hiyo ufupi wake usikutie shaka. Kinachotia shaka ni chuma kilichokwaruzwa kuizunguka.

Ukikubaliana bei, bakiza fedha za wiki ya kwanza. Badilisha oili ya injini, ya giaboksi, ya transfa na ya difu zote mbili, pamoja na mkanda wa taimingi kama upo, na uwepo mwenyewe fundi anapomwaga. Anza na difu ya mbele, maana waliokutangulia huenda hawakuwahi kuifungua.