Kabla ya kukompaili: namna ya kukokotoa namba za nukta inayoelea kwenye prosesa za ARM

Kabla ya kuandika amri ya GCC (kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), fungua waraka wa chipu yenyewe uthibitishe kama ina kitengo cha kukokotoa namba za nukta inayoelea, yaani namba zenye desimali, kwa sababu jina la prosesa peke yake halitoshi: Cortex-M0 na Cortex-M3 hazina kabisa, ilhali Cortex-M4 hutoka kiwandani ikiwa nacho au bila nacho, kwa uamuzi wa mtengenezaji wa chipu. Kisipokuwepo, hakuna la kuchagua; utatumia -mfloat-abi=soft, na kila kujumlisha au kuzidisha namba hizo kutafanywa na maktaba ya kompaila.

Kikiwepo, orodhesha kwanza maktaba zote utakazounganisha, hasa ulizokabidhiwa zikiwa zimekwisha kukompailiwa na huna msimbo wake wa asili. Hapo -mfloat-abi hukupa machaguo mengine mawili, softfp na hard. Chaguo la softfp hukokotoa kwa kitengo hicho lakini hupitisha namba baina ya funksheni katika rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) za kawaida, kama soft, na ndiyo maana hizo mbili huungana bila taabu. Hard hupitisha namba katika rejista za kitengo chenyewe, hivyo haichanganyiki nazo. Tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya Debian, mfumo endeshi wa Linux, itenge matoleo mawili ya ARM, armel (ya upande wa soft) na armhf (ya hard), na hiyo ya pili ikatolewa rasmi katika toleo la 7, mwaka 2013. Kwangu mimi, hard ndiyo ya kutangulizwa, na softfp ibaki kwa ajili ya maktaba ya zamani isiyoweza kukompailiwa upya.

Jambo linalosahaulika mno ni upana wa namba. Kitengo cha Cortex-M4 hukokotoa namba za biti 32 tu. Katika lugha ya C, ukiandika x * 0.1 na x ni float (namba ya biti 32), ile 0.1 huhesabiwa kuwa double (ya biti 64), x nayo hupanuliwa kuwa biti 64, na kazi yote hurudi kwenye maktaba kana kwamba kitengo hakipo; ukiandika 0.1f, inabaki kwenye kitengo. Programu hutoa jibu, ila polepole, wala kompaila haikuonyi usipoweka -Wdouble-promotion. Iweke tangu siku ya kwanza.

Hakikisha pia kwamba msimbo wa kuwashia chipu unakiwezesha kitengo kupitia CPACR, rejista inayoruhusu kitengo hicho kitumike, kwani huanza kikiwa kimezimwa, na amri yake ya kwanza ingeiangusha programu. Kisha ongeza nafasi ya staki, eneo la kumbukumbu ambamo prosesa huhifadhi rejista zake inapokatizwa kazi: kitengo kikishatumika, kila ukatizaji hutenga baiti 104 badala ya 32.