Pikipiki moja ya lami na vumbi
Anayetaka pikipiki moja ya kumfikisha kazini kwa lami na shambani kwa njia ya vumbi asitangulize ukubwa wa injini, kwa kuwa cc 125 hadi 150 humtosha hata akibeba abiria. Atazame kwanza nafasi iliyopo kati ya injini na ardhi, kisha rimu: za spoku hustahimili mashimo vizuri zaidi, na spoku iliyokatika hubadilishwa peke yake, ilhali rimu ya kumimina, yaani ya kipande kimoja isiyo na spoku, ikipasuka aghalabu hununuliwa nzima. Aikalie pia, ahakikishe nyayo zote mbili zinakanyaga chini, maana kwenye tope hilo ndilo humwokoa. Kabla ya kulipa, amuulize fundi wa mtaani kwake kama cheni na klachi za pikipiki hiyo hupatikana dukani.