Diwani wa Nyanda za Juu Kusini Anapotaka Ubunge: Namna ya Kujiandaa

Udiwani na ubunge hupigiwa kura siku moja, na hakuna anayeruhusiwa kugombea vyote viwili. Anayechukua fomu ya ubunge anaiaga kata yake, na akishindwa anabaki bila kiti chochote kwa miaka 5. Uamuzi wa namna hiyo unahitaji mwaka mzima wa maandalizi, si wiki chache.

Anza na Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania. Inamtaka mgombea awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama cha siasa. Kwa kuwa hakuna mgombea binafsi, ushindani wako wa kwanza uko ndani ya chama, mbele ya wajumbe ambao pengine hawajawahi kukanyaga katani kwako. Hakikisha pia jimbo lako ni lipi, kwa maana mipaka hubadilika: mwaka 2025 Jimbo la Mbeya Mjini liligawanywa, likazaliwa Jimbo la Uyole.

Kisha zunguka jimbo lote kabla ya kuomba kura, na hapa ndipo ningekusihi utumie muda mwingi zaidi. Diwani wa Rungwe anayeijua chai atakutana na watu wa ndizi, viazi na parachichi. Wa Mbarali hawezi kukwepa suala la maji ya Usangu kati ya wakulima wa mpunga na wafugaji. Sikiliza, uandike, halafu useme ukweli kuhusu kazi unayoiomba. Mbunge hutunga sheria, huidhinisha bajeti ya taifa na kuihoji Serikali. Kuchonga barabara si kazi yake. Anayejua kwamba barabara ya kijijini iko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na barabara kuu iko chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu) atajua pia swali lipelekwe wapi. Hapo uzoefu wako una thamani kubwa, kwa kuwa mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, na wewe tayari umepitisha bajeti za halmashauri na kufuatilia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Kuhusu fedha, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inamtaka mgombea aeleze fedha alizonazo na zilikotoka. Usigawe khanga wala pombe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura.

Fomu ya uteuzi huhitaji wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa kupiga kura jimboni. Tafuta zaidi ya hao, linganisha kila jina na namba na kadi ya mpiga kura, na umpe mwanasheria aisome fomu nzima, kwani mwaka 2020 wagombea wengi, hasa wa upinzani, walienguliwa kwa sababu zilizotajwa kuwa kasoro za fomu. Irudishe mapema, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.