Somo: Kuingiza faili la VPN kwenye Ubuntu

Wakuu, juzi jamaa wa Nkuhungu kaniletea laptop, VPN ya kazini (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) imegoma. Laptop haikuwa na kosa. Alipewa mafaili manne, yeye akabeba moja tu kwenye flashi.

Kwa hiyo kwanza fungua faili lako la .ovpn (faili la mipangilio ya OpenVPN) kama maandishi ya kawaida, ulisome. Ukikuta <ca> na chini yake rundo la herufi zisizoeleweka, cheti (cha kuitambua seva) kimo humo humo. Ukikuta mstari umeandikwa "ca ca.crt", basi hilo la ca.crt nalo liwepo kwenye folda ileile; cert (cheti chako) na key (ufunguo wako) vivyo hivyo. Yaweke pa kudumu. Ukiyaacha Downloads, siku ya kufuta takataka VPN nayo imekwenda.

Pili:
sudo apt install network-manager-openvpn-gnome

Tatu, ingia Settings, Network, bonyeza alama ya kujumlisha penye VPN, chagua Import from file. Wa terminali:
nmcli connection import type openvpn file ofisi.ovpn

Jaza jina na nywila, washa. Ukitaka mambo ya ofisi tu yapite huko, kwenye IPv4 weka tiki "Use this connection only for resources on its network". Bila hiyo, hata YouTube inaweza kuzungukia seva ya ofisi, halafu unalaumu mtandao.

MASWALI

Mdau wa Singida: Mkuu, langu ni la WireGuard, ile aina nyingine ya VPN, linaitwa vpn-ya-ofisi-dodoma.conf. Linakataa.
— Jina refu hilo. Jina la faili ndilo linakuwa jina la kiunganishi, na mwisho ni herufi 15. Lako lina 19 bila .conf. Liite ofisi.conf, kisha kwenye ile amri ya nmcli, type iwe wireguard badala ya openvpn. Hakuna cha kusakinisha, NetworkManager (programu ya Ubuntu inayosimamia mtandao) inaijua yenyewe tangu toleo 1.16.

Dada wa Kisasa: Naweza kutumia faili la mwenzangu wa ofisini?
— Hapana dada. Mle kuna ufunguo wake wa siri. Ukiharibu wewe, anaulizwa yeye. Omba lako.

Mdau wa Kondoa: Na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) wanasemaje kuhusu VPN?
— Oktoba 2023 walitoa tangazo, wanaotumia VPN watoe taarifa kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Muulize mtu wa TEHAMA kazini kwako kama ya ofisi ilishaandikishwa.

Mdau wa Singida: Imekubali mkuu! Siku mbili nzima, kumbe jina.